Fleti Yako, Ardhi ya Bwana: Miaka Inavyouzwa na Kununuliwa London

Tangazo la dalali wa London linasema hivi: fleti ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya pili, mwendo mfupi tu kutoka kituo cha treni. Jiko jipya, kuta zimepakwa rangi juzi. Bei yake iko chini ya bei za fleti nyingine za mtaa huohuo, tena chini kwa kiasi cha kumfanya mnunuzi mwenye haraka amshukuru Mungu na kutoa arubuni. Kisha, mwisho kabisa wa tangazo, kwa herufi ndogo, kuna mstari mmoja: imebaki miaka 71.

Mtu aliyekulia Nairobi au Dar es Salaam akienda kutazama fleti huuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, lifti inafanya kazi au ni pambo, na majirani ni watu wa namna gani. London swali la miaka ndilo hutangulia. Huko Uingereza na Wales fleti nyingi hazinunuliwi moja kwa moja. Mnunuzi hupewa haki ya kukaa kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba, miaka 99, 125, mara nyingine 999, huku ardhi, na kwa kawaida jengo lenyewe pia, vikibaki mali ya mtu mwingine. Mwenye fleti humlipa mwenye ardhi pango la ardhi kila mwaka, hulipa ada ya matengenezo ya paa na ngazi, na muda ukiisha fleti hurudi kwa mwenye ardhi. Uingereza peke yake ina nyumba za mtindo huu kati ya milioni 4 na 5, nyingi zikiwa fleti.

Muda ukiisha mtu hatolewi nje na vyombo vyake asubuhi ileile. Akiwa anaishi humo, sheria humruhusu kwa kawaida aendelee kukaa kama mpangaji wa kulipa kodi ya soko. Lakini ile mali aliyoinunua kwa mkopo wa miaka 25, akajinyima likizo kwa ajili yake, akaitegemea kuwa urithi wa wanawe, haipo tena. Na haihitaji kungoja siku ya mwisho ndipo ianze kutoweka. Mabenki husitasita kutoa mkopo wa nyumba kwa fleti yenye miaka iliyopungua sana, mnunuzi asiye na fedha taslimu huondoka, na bei huteremka miongo mingi kabla ya tarehe yenyewe. Ndiyo maana mwenye fleti mwenye akili huongeza muda mapema, na ndiyo maana kuna biashara nzima ya mawakili na wathamini inayoishi kwa kuuza miaka.

Mtu wa Mombasa ataielewa habari hii upesi kuliko Mskoti. Majengo, Likoni na Kisauni kuna maelfu ya nyumba za Kiswahili ambazo mwenye nyumba si mwenye kiwanja. Amejenga kwa fedha yake, amepangisha vyumba, anaweza kuiuza au kuwarithisha wanawe, lakini kila mwezi humpelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba bila ardhi, wenyewe husema. Pwani tulizoea tangu zamani kutenganisha ardhi na kilichosimama juu yake. Mnazi au mkarafuu uliweza kuwa wa mtu mmoja na udongo ukawa wa mwingine, na wazee waliamua mashauri yake bila kushangaa. Tofauti ni kwamba Mombasa makubaliano hayo hayakuwekewa mwisho ulioandikwa. Mwenye nyumba hukaa vizazi viwili au vitatu akilipa, na mashaka yake ni siku mwenye kiwanja, au mjukuu wake anayeishi mbali, atakapouza kwa mtu mwenye tingatinga. Mwingereza aliondoa mashaka hayo kwa kuandika tarehe. Kisha akaiwekea ile tarehe bei.

Mfumo huu una mizizi mirefu, na sehemu kubwa ya mizizi hiyo imepita katika mikono ya watu wachache. Mwaka 1677 Sir Thomas Grosvenor alimwoa msichana wa miaka 12 aitwaye Mary Davies. Baba wa Mary alifariki katika tauni ya 1665 bintiye akiwa mtoto mchanga, akamwachia mashamba na ardhi ya kinamasi magharibi ya London, ambayo wakati ule haikuwa na sifa yoyote. Leo mashamba hayo yanaitwa Mayfair na Belgravia. Ukoo wa Grosvenor, ambao mkuu wake ni Duke wa Westminster, haukuuza ardhi ile vipandevipande. Uliikodisha kwa wajenzi. Mjenzi alijenga kwa gharama yake, akalipa pango dogo kwa muda wa miaka kama 99, kisha nyumba, kuta, dari na kila kitu vikarudi kwa ukoo. Belgravia ya miaka ya 1820, ile ya nyumba nyeupe zenye nguzo zinazokaliwa leo na balozi kadhaa, ilijengwa na Thomas Cubitt kwa utaratibu huo. Cadogan walifanya hivyohivyo Chelsea, Portman na Howard de Walden wakafanya Marylebone. Wajenzi walipata faida yao wakafa, koo zilingoja.

Hasira ya kisiasa haikuanzia London bali mabonde ya makaa ya mawe ya Wales kusini. Wachimbaji na familia zao waliishi katika nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya matajiri kwa mikataba ya miaka 99 ya karne ya 19, na kufikia katikati ya karne ya 20 mikataba hiyo ilikuwa inafika ukingoni. Mzee aliyeikarabati nyumba ya baba yake maisha yake yote aligundua kwamba alikuwa akimkarabatia mtu mwingine. Serikali ya Harold Wilson ilipitisha sheria ya mwaka 1967 iliyowapa wakazi wa nyumba za chini haki ya kumlazimisha mwenye ardhi awauzie, na kwa nyumba za thamani ndogo ikaweka bei kwa msingi kwamba matofali kwa haki ni ya mkazi na udongo ndio wa bwana. Wadhamini wa mali ya Duke wa Westminster, waliopoteza kwa njia hiyo nyumba kama 80 za Belgravia, walipeleka malalamiko Strasbourg wakidai wamenyang'anywa mali. Mwaka 1986 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwakatalia.

Wenye fleti walisubiri zaidi. Sheria yao ilikuja mwaka 1993, chini ya serikali ya chama cha wahafidhina ya John Major, na Duke wa wakati huo, Gerald Grosvenor, alikasirika kiasi cha kujitoa katika chama hicho. Sheria hiyo ndiyo inayotumika hadi leo: mwenye fleti anaweza kudai kuongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na pango la ardhi lishuke hadi kuwa punje ya pilipili manga, yaani bure. Mwenye ardhi hana ruhusa ya kukataa kwa sababu hapendi. Anachoweza kubishania ni bei. Na hapo ndipo penye kazi.

Bei ya miaka hujengwa kwa vipande vitatu. Cha kwanza ni pango la ardhi ambalo mwenye ardhi ataacha kulipokea. Kama pango ni pauni 10 kwa mwaka, kipande hiki ni kiasi kidogo tu; kama ni pauni 250 linaloongezeka maradufu kila miaka kumi, kama mikataba mingine ya miaka iliyopita ilivyoandikwa, ni balaa, maana pauni 250 zikiongezeka hivyo hufika pauni 8,000 baada ya miaka 50.

Cha pili ni fidia ya kungoja. Mwenye ardhi alikuwa apewe fleti siku mkataba unapoisha. Sasa siku hiyo imesogezwa miaka 90 mbele. Haki ya kupokea fleti baada ya miaka mingi ina thamani leo, na thamani hiyo hukokotolewa kwa kurudisha bei ya fleti nyuma kwa asilimia fulani kila mwaka. Kesi ya Sportelli, iliyoamuliwa mwaka 2006 kisha ikapanda hadi ngazi za juu za mahakama, iliweka asilimia 5 kwa fleti. Tuchukue fleti ambayo ingekuwa na muda mrefu ingeuzwa pauni 300,000. Ikiwa imebaki miaka 81, kipande hiki cha pili ni kama pauni 5,800. Ikibaki 60, ni kama 16,000. Ikibaki 40, kinapita pauni 42,000. Hesabu haipandi ngazi moja moja. Kadiri miaka inavyopungua ndivyo inavyokimbia.

Cha tatu huitwa thamani ya ndoa, na ndicho kilichowatajirisha wengi. Mantiki yake ni hii: fleti yenye miaka michache mkononi mwa mkazi, ukiijumlisha na haki ya mwenye ardhi, hutoa jumla iliyo ndogo kuliko thamani ya fleti yenye muda mrefu. Pande hizo mbili zikiungana kunazaliwa ziada, na sheria inataka ziada igawanywe nusu kwa nusu. Lakini ikiwa imebaki zaidi ya miaka 80, ziada huhesabiwa kuwa sifuri. Mpaka huo uliwekwa na sheria ya mwaka 2002.

Turudi kwenye fleti ya pauni 300,000, na tukadirie tu kwamba ikiwa na miaka 79 sokoni ingepata 285,000. Fidia ya kungoja ni kama pauni 6,350. Jumlisha, toa kutoka 300,000, unabaki na ziada ya kama 8,650, nusu yake 4,300 na ushei. Bei, ukiacha kile kipande cha kwanza cha pango, imekuwa karibu pauni 10,700. Miaka miwili kabla, kwenye 81, ilikuwa 5,800. Kwa miaka 70, tukikadiria bei ya soko ni 270,000, bei ya kuongeza muda inakaribia pauni 20,000. Na hizo ni kabla ya gharama: chini ya sheria ya 1993 mwenye fleti humlipa wakili wake na mthamini wake, kisha akalipa pia gharama za halali za wakili na mthamini wa mwenye ardhi. Unamlipa mtu anayekukadiria juu.

Kile kiwango cha 285,000 au 270,000 nilichokikadiria kwa urahisi ndicho ambacho wataalamu hukipigania hadi jasho liwatoke. Soko la kweli haliwezi kukionyesha, kwa kuwa hakuna anayeuza fleti ya muda mfupi bila ile haki ya kuuongeza kuwa sehemu ya bei. Hivyo hutumiwa michoro iliyotengenezwa na kampuni za uthamini, kila mmoja na mstari wake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Mundy, ya fleti ya Chelsea, ambako upande wa mkazi ulileta kanuni ya kitakwimu ambayo ingeshusha bei za watu wengi. Ilikataliwa. Binafsi naona ajabu kwamba nchi yenye wanahisabati wengi namna ile bado inapima utajiri wa watu kwa mistari iliyochorwa na wathamini wenyewe, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa jamaa zetu walioko huko, mpaka wa miaka 80 si habari ya Belgravia. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua makazi yao kwa punguzo kubwa. Waliokaa kwenye nyumba walipata na ardhi. Waliokaa kwenye maghorofa walipewa mikataba ya miaka 125, pango lisilozidi pauni 10 kwa mwaka. Toa 45 kutoka 125. Mikataba ya kwanza kabisa ya mpango ule inavuka mstari wa miaka 80 sasa hivi.

Kuna jambo jingine ambalo halijulikani sana na linapaswa kujulikana. Sheria ya mpango huo iliruhusu halmashauri, pale jengo linapokuwa na fleti iliyokwisha kuuzwa kwa miaka 125, kuzipa fleti zinazouzwa baadaye tarehe ileile ya mwisho. Kwa hiyo muuguzi aliyenunua fleti yake Peckham mwaka 2005, akiamini amepata miaka 125 kama jirani, anaweza kuwa alipewa miaka 100 tu, kwa sababu jirani wa ghorofa ya chini alinunua mwaka 1980. Katika maghorofa hayo, Tottenham, East Ham, Barking, ambako ndani ya lifti utasikia Kiswahili, Kilingala na Kisomali kabla hujafika ghorofa ya tano, karatasi nyingi zimelala kwenye masanduku chini ya vitanda bila kufunguliwa tangu siku ya kusaini. Pango la pauni 10 halimkumbushi mtu chochote.

Anayetaka kuongeza muda ana njia mbili. Ya kwanza ni ya barua rasmi. Mwenye fleti humpelekea mwenye ardhi notisi ya kisheria akitaja bei anayotoa, nayo lazima iwe bei ya kweli, si ya mzaha. Uzuri wa notisi hiyo ni kwamba husimamisha saa: bei huhesabiwa kwa tarehe iliyotolewa, hata majadiliano yakichukua mwaka mzima. Mtu aliyebakiwa na miaka 80 na miezi miwili akiitoa leo amejiokoa. Mwenye ardhi hupewa angalau miezi miwili ya kujibu, na anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei iliyotajwa. Asipojibu kwa wakati, mkazi anaweza kwenda mahakamani na kupewa masharti yale aliyoyaandika mwenyewe. Akijibu kwa bei ya juu, kama kawaida, wathamini huanza kuvutana, na wasipopatana mkazi hupeleka shauri kwenye baraza la migogoro ya mali kati ya mwezi wa pili na wa sita tangu apate jibu. Hapa ndipo watu huumia. Akipitisha miezi sita bila kufungua shauri, notisi huhesabiwa kuwa imefutwa, gharama za upande wa pili zinamwangukia, na hana ruhusa ya kuanza tena hadi miezi 12 ipite. Ikiwa katika miezi hiyo amevuka mstari wa 80, atalipa tofauti ile tuliyoiona.

Njia ya pili ni ya maelewano, na mara nyingi huja yenyewe kwa barua ya upole. Mwenye ardhi anasema: hakuna haja ya mawakili wengi, tutakurudishia miaka 99 kwa bei nafuu. Mtu wa heshima akiandikiwa kwa heshima hujibu kwa heshima. Lakini kurudisha muda hadi 99 kwa fleti yenye miaka 79 ni kununua miaka 20, na ukiwa na umri wa miaka 40 utarudi kwenye meza ileile kabla hujastaafu. Zamani njia hii ilificha pia pango jipya lenye kupanda. Sheria ya mwaka 2022 iliziba sehemu ya tundu hilo: mikataba mipya tangu tarehe 30 Juni mwaka huo haina pango, na inapoongezwa kwa maelewano miaka iliyoongezwa nayo hukaa bila pango, ingawa pango la zamani linaweza kuendelea hadi muda wa zamani uishe. Maelewano si mabaya kila mara. Kuna halmashauri na wenye ardhi wadogo wanaotoa miaka 90 kamili kwa bei ya haki na kumwepusha mkazi na gharama. Barua ya upole tu isitiwe saini kabla mthamini huru hajaiona.

Tarehe 24 Mei 2024, bunge likikaribia kuvunjwa kwa uchaguzi, sheria mpya ilipitishwa kwa haraka. Ikianza kufanya kazi yote, nyongeza itakuwa miaka 990 badala ya 90, thamani ya ndoa itafutwa, na kila upande kwa kawaida utajilipia gharama zake. Vifungu vichache vimekwisha anza. Tangu 31 Januari 2025 mtu hahitaji tena kuimiliki fleti kwa miaka miwili kabla ya kudai nyongeza. Anaweza kununua leo na kutoa notisi kesho. Lakini ile miaka 990 na kufutwa kwa thamani ya ndoa viliachwa visubiri kanuni za waziri, zikiwemo asilimia mpya za kukokotolea bei. Wenye ardhi wakubwa, Grosvenor na Cadogan wakiwemo, walikwenda Mahakama Kuu wakirudia hoja iliyoshindwa Strasbourg, kwamba wananyang'anywa, na Oktoba 2025 wakashindwa tena.

Swali linaloulizwa msikitini, kanisani na kwenye makundi ya WhatsApp ni moja: ningoje au niongeze sasa? Mwenye miaka 95 anaweza kukaa akingoja bila wasiwasi. Mwenye miaka 60 ambaye hana mpango wa kuuza amekwisha ingia kwenye thamani ya ndoa, na kwake kungoja kuna mantiki, maana akisubiri sheria atapata nafuu kubwa. Ninayemhurumia ni mwenye miaka 81 na nusu. Akingoja na kanuni zikachelewa, amevuka. Akiongeza leo na kanuni zikaja mwakani, amelipia gharama za mwenzake bure. Ningekuwa yeye ningetoa notisi. Ahadi za kufuta mfumo huu zimetolewa na serikali nyingi na watu wamezeeka wakizingoja. Sheria ya 2002 ilileta namna ya wakazi kumiliki jengo zima kwa pamoja bila bwana juu yao, na miaka ishirini baadaye majengo ya namna hiyo hayakufika hata hamsini nchi nzima. Wajenzi hawakuipenda, mabenki hayakuizoea, ikakaa kitabuni.

Mskoti, niliyemtaja huko juu, amepumzika. Uskoti ilipiga marufuku mwaka 1974 kukodisha makazi kwa zaidi ya miaka 20, na mikataba mirefu sana iliyokuwa imebaki ikageuzwa kuwa umiliki kamili mwaka 2015. Fleti za Edinburgh na Glasgow hazijabomoka kwa kukosa bwana wa kuzilinda.

Nyumbani Afrika Mashariki tuliurithi mkataba wa miaka, lakini bwana tulimbadilisha. Kenya ilianza na sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliyotoa mikataba ya miaka 99, kisha ya 1915 ikawapa walowezi mashamba kwa miaka 999, na Katiba ya 2010 ikakata ya wageni wote hadi 99. Tanzania ardhi yote ni ya umma mikononi mwa Rais kama mdhamini, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Katika nchi hizi mbili, kwa sehemu kubwa ya viwanja vya mjini, anayengoja mwisho wa muda ni serikali. Hakuna thamani ya ndoa, hakuna mthamini wa ukoo wa Grosvenor. Kuna maombi, ada, kamati, na afisa anayetazama kama ulilipa pango la ardhi na kama ulikiendeleza kiwanja. Uingereza inamuumiza mkazi kwa kanuni ya hesabu ambayo anaweza kuisoma kabla. Sisi tunamwacha mikononi mwa mtu anayeweza kukubali au kukataa. Nisingethubutu kusema ipi ni afadhali kwa mwenye fleti moja asiye na mjomba ofisini.

Na fleti moja ndiyo shida yenyewe. Mwenye kiwanja cha peke yake Karen au Mbezi Beach akiona hati inaisha ataiomba upya mwenyewe. Mwenye fleti ya ghorofa ya saba Kilimani amesimama juu ya ardhi ya watu 80. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu fleti zitolewe hati juu ya kiwanja ambacho muda wake uliobaki si chini ya miaka 21. Ile ya 1987 ilitaka 45. Maana yake mtu anaweza leo kununua fleti mpya kabisa, yenye bwawa la kuogelea na geti la umeme, juu ya hati yenye miaka 25, kwa bei ileile ya jengo la jirani lenye miaka 80, na dalali asikosee neno hata moja. London tofauti hiyo ingeonekana kwenye bei kabla hujapanda ngazi. Nairobi bado haionekani.

Anayenunua aombe upekuzi wa hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima, si wa fleti pekee, asome tarehe muda ulipoanza na idadi ya miaka, kisha atoe mwenyewe. Aulize pia hati hiyo iko kwa jina la nani. Kanuni za Kenya za mwaka 2017 zinaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi imwandikie mwenye hati, ndani ya miaka mitano kabla ya muda kuisha, kumjulisha tarehe na kumkumbusha kwamba raia ana haki ya kufikiriwa kwanza. Barua hiyo hutumwa kwa rejesta, kwa anayetajwa kwenye hati. Ikiwa majina ya wenye fleti hayajawahi kuingizwa, na hati mama bado inasomeka kwa jina la kampuni ya mjenzi, barua itakwenda kwenye sanduku la posta la mjenzi.